Hana Alipeleka Mwenyewe

Chumba cha nyuma, kile kinachotazama uani, Bi Blandina alikitandika kabla ya Kwaresima, na Pasaka ikaja ikapita kitanda hakijalaliwa. Kila asubuhi akishasali na kunywa chai yake ya tangawizi, huingia mle ndani, akaikung'uta shuka ya maua ya buluu isiyo na vumbi hata chembe, akaitandika tena, akatoka na kuufunga mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa usingizini.

Na si kitanda tu. Chini yake palikuwa na beseni jipya la kukandia na gunia la mkaa uliochaguliwa. Juu ya kabati palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, pilipili manga iliyokwisha twangwa ya kutia kwenye uji, na doti mbili za kanga kuukuu, zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama ngozi ya mtoto, za kumfungia mzazi tumbo. Kila kitu kilikuwepo. Mzazi mwenyewe ndiye hakuwepo.

Mzazi huyo ni Felista, mwanawe wa pekee. Alikuwa Jambiani kwa mumewe, na mimba yake ilikwisha pita miezi saba.

Sasa, kwao Bi Blandina, mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Na wala binti haji hivi hivi kama paka aliyepotea. Miezi saba ikitimia, mama mkwe humshika mkono mke wa mwanawe, akampeleka kwao na kuku na mchele, akasema, "Tumekuja kukurudishia mwanao, tutunzie." Hivyo ndivyo alivyorudishwa Blandina mwenyewe kwa mama yake Mbweni, alipokuwa na mimba ya huyo Felista, na marehemu Petro Ubwa, mumewe, akitembea nyuma na kuku kamshika miguu, kuku anapiga kelele njia nzima. Mama wa binti hakai akaomba aletewe. Akiomba amejidhalilisha. Na akienda kumchukua mwenyewe, basi amewaambia wakwe machoni pao kwamba hawajui kutunza.

Kwa hiyo Bi Blandina alikuwa akingoja kuku.

Alikuwa mwanamke mrefu, mgongo umenyooka kama mwashi kaupima. Nyumba yake iko kichochoroni, si mbali na kanisa la Mkunazini, na cherehani yake inakaa dirishani. Kanzu za wanakwaya ameshona yeye, vitambaa vya meza ya Bwana ameshona yeye, na sare za watoto wa mtaa mzima, Waislamu kwa Wakristo. Kusoma alisoma kidogo, akaacha. Kitabu cha nyimbo hukishika kanisani wima sawasawa, lakini nyimbo zote zimo kichwani.

Felista alikulia chini ya cherehani hiyo. Alikuwa akilala kwenye kapu la vipande vya nguo, na mguu wa mama ukiacha kukanyaga, anaamka. Mpaka leo Bi Blandina hukanyaga hata wakati hana cha kushona, ili nyumba isinyamaze.

Binti alipokuwa mkubwa alipata kazi Jambiani, kufua na kupiga pasi katika nyumba ya wageni. Huko akakutana na Silima, fundi seremala, mwana wa Bi Mwanakheri mkulima wa mwani. Akasilimu, akaitwa Tahiya, akaolewa. Alipokuja kumwambia mama yake, Bi Blandina hakupiga kelele. Alisema, "Mkono sikupi, na laana sikupi. Nenda." Siku ya nikaha alikaa dirishani akishona kanzu za kwaya, akakanyaga kwa nguvu siku nzima. Jambiani hajaikanyaga.

Lakini hawakutupana. Kila Jumapili, mama akisharudi kanisani, simu hulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mmesali?"

"Tumesali."

"Padri kahubiri nini?"

"Kahubiri mambo ya Mungu. Ulitaka ahubiri nini? Miguu imevimba?"

"Kidogo."

"Usikae juani."

"Sikai. Mvua ipo mjini?"

"Ipo. Huko?"

"Ipo, na sisi tumeanika mwani."

Hapo mama husikia kuku wa watu wa Jambiani wakilia, na binti husikia wauza kahawa wa mjini wakigonga vikombe vyao. Kati yao pana neno moja tu, na kila mmoja analizunguka kama mtu anavyozunguka kisima kisicho na mfuniko.

"Basi, mama."

"Basi, mwanangu. Mungu akulinde."

"Amin. Na wewe."

Simu ikikatika, Bi Blandina huishika mkononi muda mrefu. Alijiambia anajua kwa nini hawamleti. Wanaogopa nyumba yake. Wanaogopa kwamba mtoto akizaliwa chini ya paa la Mkristo, bibi atamtia maji ya ubatizo nyuma ya mlango. Na kusema kweli ya Mungu, fikra hiyo ilikwisha kumpitia kichwani siku moja. Ndani ya sanduku, kwenye karatasi, imo nguo nyeupe ndefu yenye lesi, aliyobatiziwa yeye, na baadaye Felista naye akabatiziwa. Aliitoa, akaitazama, akairudisha. Fikra aliifukuza kama kuku jikoni. Ikarudi, akaifukuza tena.

*

Alhamisi baada ya Pasaka kina mama wa kanisa walikutana kama kawaida yao, kwenye ukumbi wa nyuma, na birika la chai na sahani ya maandazi. Mama Yustina, kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na sauti ya kuita feri, alisema leo watatiana moyo katika furaha na taabu za umama, kila mmoja aseme la kwake.

Wakasema. Mmoja alimshukuru Mungu kwa mwanawe aliyeacha ulevi. Mwingine, mama kijana na mtoto ziwani, alilia kwamba halali, na mtoto halali, na mume analala fofofo. Wakacheka, wakamwombea, wakamshika mabega. Bi Blandina alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Na wewe Bi Blandina, huna neno?"

"Sina."

"Mama mzima asiwe na neno?"

"Ninalo. Lakini si la maandazi."

Wakacheka tena. Hakuna aliyemsukuma, walimjua. Na yeye moyoni alikuwa akisema, nisukumeni basi, mara moja tu, nitaanguka. Lakini mtu aliyejijengea ukuta asilaumu watu kwa kutopita.

Mama Yustina akasoma kwenye Biblia habari za Hana. Hana hakuwa na mtoto, akalia mbele za Mungu mpaka kuhani akadhani amelewa. Akapewa mwana, Samweli. Akamnyonyesha, na alipomwachisha ziwa akampeleka hekaluni akamwacha huko, awe wa Bwana, akarudi nyumbani mikono mitupu. Na mwaka kwa mwaka akawa anamshonea kanzu ndogo, anampelekea.

"Somo letu," alisema Mama Yustina, "ni subira. Hana alisubiri. Na wewe mama mwenye mzigo leo, subiri. Bwana hachelewi."

"Amin," wakasema wote.

Bi Blandina hakusema amin. Alisema, "Alipimaje?"

"Nani?"

"Huyo Hana. Mtoto yuko mbali mwaka mzima, anakua. Mama hamwoni. Hiyo kanzu alijuaje urefu wake? Mabega alijuaje?"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Bi Blandina na ufundi wake!" alisema Mama Yustina, anajifuta macho. "Maandiko hayasemi habari za futi, mwaya."

Lakini Bi Blandina hakuwa akifanya mzaha. Alirudi nyumbani na swali lake. Alimwona Hana kama anavyojiona mwenyewe, amekaa na kitambaa mapajani, anakadiria kwa macho hewa tupu. Atakuwa amefika hapa. La, watoto wa siku hizi hurefuka, hapa. Mwanamke anapima mtoto asiyekuwepo. Zile amin zote hazikumtuliza, lakini kanzu ndogo ilimshika.

Akatoa kitambaa cheupe cha melimeli alichokiweka kwa ajili ya kitu chema, akakata.

*

Jirani yake wa mlango kwa mlango ni Bi Nasima, mshona kofia, mjane kama yeye. Alasiri zote hukaa barazani pamoja, huyu na kofia yake, yule na pindo lake, na ulimi wa Nasima hauchomi kuliko sindano yake, ila unafika mbali zaidi.

"Unashona nini kidogo hivyo? Joho la panya?"

"Kanzu."

"Ya nani?"

"Ya mtu."

"Mtu gani huyo wa shibiri mbili?"

Bi Blandina akavuta uzi. Halafu, kwa kuwa jambo lilikuwa limemkaa kooni tangu Alhamisi, akamhadithia habari za Hana, mwanzo mpaka mwisho. Nasima alisikiliza, kofia imetulia gotini.

"Akamwacha mwanawe mwenyewe, akarudi?"

"Akarudi."

"Akalia?"

"Hawakuandika."

"Alilia. Walioandika wanaume, hawakuuliza." Nasima akachoma sindano. "Na hiyo kanzu alimpa nani ampelekee?"

"Hakumpa mtu. Alipeleka mwenyewe."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Kwa miguu?"

"Nadhani kwa miguu."

"Na huko hekaluni ni tambarare, au mlima?"

"Wanasema walikuwa wakipanda. Mlima."

"Haa. Na yule mzee kuhani alikuwa akija kumwalika? Na kuku, na mchele?"

Sindano ya Bi Blandina ikasimama.

"Nnakuuliza, shoga. Alialikwa?"

"Shona kofia yako, Nasima."

"Nnashona. Mdomo haushiki sindano." Akashona kidogo. Halafu, bila kuinua macho, akasema, "Jambiani hakuna hata mlima."

Bi Blandina alikusanya vitu vyake akaingia ndani, na mlango akaufunga kwa kishindo kidogo, si kikubwa.

Hakwenda kesho yake. Wala kesho kutwa. Mtu aliyekuwa na kiburi miaka sitini na kitu hakivui kama kiatu. Alisema pindo halijakaa vizuri, akalifumua. Alisema shingo imebana, akaipanua, na mabega nayo akayaongezea nafasi. Alisema atakwenda mvua ikikatika, na mvua ya masika inajulikana. Kila alipochoka na visingizio vyake aliingia chumba cha nyuma akakung'uta shuka.

Jumapili ilipofika alirudi kanisani mbio, akaiweka simu juu ya cherehani, akakaa mbele yake. Haikulia. Adhuhuri ikapita haikulia. Angeweza kupiga yeye, namba imo. Lakini kidole kilifika kikarudi, kwa sababu kama pana habari ya msiba hakutaka kuisikia akiwa peke yake, na kama hapana habari, basi mwanawe amechoka kukizunguka kile kisima.

Jumatatu asubuhi alifunga kanzu ndogo ndani ya kanga, akatia ile chupa ya mafuta na pilipili manga. Alipita kanisani. Hakupiga magoti, magoti yake hayapendi sakafu. Alisimama nyuma, ameshika mwisho wa benchi.

"Bwana," alisema, "sikuombi nishinde. Nnaomba nisigeukie njiani."

Akapanda gari ya Jambiani.

*

Aliposhuka, mvua ilikuwa imetulia na upepo unanuka mwani. Wanawake walikuwa wakiugeuza kwenye vichanja. Alimwuliza mmoja nyumba ya Bi Mwanakheri. Yule alimtazama juu mpaka chini, ule urefu, ule mgongo.

"Wewe mama yake Tahiya?"

"Mimi mama yake Felista."

"Ndiye huyo huyo," alisema yule mwanamke, akamwonyesha mlango.

"Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti, na akatoka mwanamke mfupi, mkavu, mikono imepasuka kwa maji ya chumvi, ana kitambaa cha kukandia begani. Wakatazamana. Wakasalimiana kama inavyopasa, hujambo, sijambo, wa nyumbani hawajambo, hawajambo. Halafu Bi Mwanakheri akasema:

"Umekuja."

"Nimekuja."

"Umekawia."

Basi hapo kilichokuwa kimefungwa tangu Kwaresima kikafunguka. "Nimekawia mimi? Mimi nimetandika kitanda, nimetia mkaa, nimekaa! Kuku sikumwona, mchele sikuuona, mwanangu sikumwona! Nimekukosea nini, bibi, hata usinirudishie mtoto azae kwangu?"

Bi Mwanakheri alifungua mdomo. "Kuku gani?"

"Kuku wa kumrudisha mwana kwao!"

"Lahaula!" Akashika kiuno. "Kwetu sisi mwana hapelekwi kama mzigo. Mama ndiye humfuata mwanawe. Asiyefuatwa na mama yake, watu husema kwao wamemtupa. Mimi nimchukue mke wa mwanangu, nimtembeze mpaka mjini kwa mama asiyemtaka, nikamfedhehi? Nimekungoja wewe! Kila siku nnasema, leo mama yake atakuja. Nikasema, kumbe hamtaki kwa sababu ya dini yetu."

"Mimi nilisema hamnitaki kwa sababu ya yangu."

Jogoo mmoja alipita kati yao, hana haraka, na wote wawili wakamtazama.

"Tazama," alisema Bi Mwanakheri, sauti imeshuka. Akausukuma mlango wa ukumbini. Kwenye kona, karibu na kizingiti, pamewekwa begi jekundu, limejaa, zipu imefungwa. "Kalifunga mwenyewe mimba ilipotimia miezi saba. Nikimwambia lifungue, anakataa. Gari ikipunguza mwendo hapo nje, anasimama."

Bi Blandina aliketi pale pale kwenye kizingiti. Hakulia, si mtu wa kulia mbele za watu, lakini alilishika lile begi kwa mkono mmoja, kama unavyomshika mtoto asianguke.

"Yuko wapi?"

"Ndani. Kajifungua juzi Jumamosi, alfajiri, salama. Mtoto wa kike. Silima katoka asubuhi kuja kwako. Sisi habari ya uzazi hatuitii kwenye simu, hupelekwa na mtu."

Papo hapo simu ya Bi Blandina ikalia mkobani. Alikuwa Nasima, anapiga kelele. "Shoga, mkweo yuko mlangoni kwako, anagonga mpaka kuta zinatikisika! Nimemwambia umekwenda kwao. Anacheka peke yake kama mwehu. Nimpe chai?"

"Mpe," alisema Bi Blandina. "Na mkate."

*

Felista alikuwa amelala ubavu, uso umevimba kidogo, na pembeni yake kifurushi kidogo cheusi cha nywele. Alipoona mlango umejaa mtu mrefu, hakuinuka.

"Mama."

"Naam."

"Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

Binti alimtazama muda. "Kitanda changu ulikitandika?"

"Nimekitandika."

"Shuka gani?"

"Ile ya maua ya buluu."

Felista akalia hapo, analia kama hajazaa yeye bali kazaliwa yeye. Bi Blandina akakaa ukingoni mwa kitanda, akamtia kichwa kifuani.

Bi Mwanakheri alisimama mlangoni. Angeweza kuingia, ni nyumba yake. Alikitoa kile kitambaa begani akamnyooshea Bi Blandina. "Maji yamechemka," alisema. "Nimemkanda, lakini mkono wangu nimeuzuia. Nilijua una wako."

Basi Bi Blandina akakunja mikono ya gauni. Akamkanda mwanawe kama alivyokandwa yeye Mbweni, maji ya moto kiasi cha mtu kupiga mayowe, kiuno, mgongo, mapaja, akashusha kitambaa na kukikamua, akashusha tena. Felista alipiga mayowe kweli. "Mama, unaniunguza!" "Nyamaza, ungeungua vibaya zaidi ungengoja nikawa mzee." Akampaka mafuta, akamfunga tumbo. Na kila alipokitia kitambaa kwenye maji alikuwa akisema maneno yake kimoyomoyo, ya shukrani, kwa Bwana wake, na midomo yake ilicheza. Bi Mwanakheri aliiona ikicheza. Hakuuliza.

Baadaye ndipo alipofungua kanga na kutoa kanzu. Bi Mwanakheri aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akatazama mishono.

"Mkono mzuri. Lakini, bibi, hii si kanzu?"

"Kanzu."

"Mtoto wa kike."

"Nshaambiwa."

"Na humu wanaingia watoto wawili na jirani yao."

"Sikuwa na wa kumpima," alisema Bi Blandina. Alitaka iwe ukali, ikatoka vingine.

Bi Mwanakheri ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta. Kicheko kikamfuata Blandina bila kutaka, kikamtoa machozi aliyoyazuia kizingitini, na Felista kitandani anawasihi, "Msinichekeshe, wee, nnaumia, msinichekeshe!"

Kwa siku moja au mbili Bi Blandina alikuwa na tamaa bado. Kila kitu kiko tayari kule, alisema; gari nzuri itafutwe, twende polepole. Lakini mzazi mbichi hatembezwi, na mvua ilikuwa imerudi, na barabara ina mashimo. Ilipofika siku ya saba watu wa nyumba wakamnyoa mtoto nywele, wakamwita Ummkulthum, jina la bibi yake Silima. Jina refu kuliko mtoto, aliwaza Bi Blandina, na alilimeza kama dawa, kwa maji mengi. Kulikuwa na jina alilokuwa nalo yeye tangu zamani. Hakulitaja. Likabaki ndani yake, halina pa kwenda.

Alikaa Jambiani mpaka arobaini ikatoka. Asubuhi Bi Mwanakheri akitandika msala wake kona hii, yeye alikaa kwenye kigoda kona ile na sala zake, na mtoto katikati analilia ziwa bila kujali nani ametangulia. Mama Yustina alipiga simu kumwuliza yuko wapi, mbona Alhamisi haonekani, wanamwombea subira.

"Msiniombee subira," alisema Bi Blandina. "Nilikuwa nayo tele, ndiyo iliyonikawiza. Waambie wenzangu mimi sasa nina neno. Yule mama kijana asiyelala, nendeni kwake mkamshikie mtoto alale. Hana alipeleka mwenyewe."

"Bwana asifiwe," alisema Mama Yustina, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

Siku ya kuondoka, Bi Blandina alitoa uzi mkobani. Alimpima mtoto, bega kwa bega, shingo mpaka kisigino, na kila alipofika akapiga fundo. Felista alimtazama.

"Utamshonea nguo gani?"

"Ya mwakani."

"Mwakani atakuwa mkubwa. Huwezi kujua."

"Nitakadiria. Halafu nitakuja kuona nimekosea kiasi gani."

Alirudi mjini wakati wa magharibi. Nyumba ilikuwa inanuka hewa ya kufungiwa. Aliingia chumba cha nyuma, akasimama mbele ya kitanda. Shuka ilikuwa pale pale, imenyooka, mto haujabonyea. Safari hii hakuikung'uta. Alifungua sanduku, akatoa ile nguo ndefu ya ubatizo, akaiweka juu ya maua ya buluu. Akaitazama mpaka taa za kichochoroni zikawashwa. Halafu akachukua mkasi mdogo, na polepole, mshono kwa mshono, kwa uangalifu asiirarue, akaanza kuifumua lesi ya pindo. Nguo yenyewe akaikunja akairudisha kwenye karatasi yake.

Asubuhi Nasima, akiwa barazani, alisikia cherehani inakanyagwa, na safari hii ina kitu chini ya sindano. Uzi wenye mafundo ulikuwa umetundikwa dirishani kwenye msumari, na ile lesi pembeni yake ikingoja pindo. Bi Blandina alikuwa akiupima kwa mkono, fundo kwa fundo, na kwenye kila fundo anaongeza vidole vinne, anasita, anaongeza kimoja tena.